Nani Aliacha Kuzipenda?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo limenikera kwa miaka mingi, na leo nimeamua kulishtaki hadharani. Neno lenyewe ni "zilipendwa". Limezoeleka mno hata masikio yetu hayalishtukii tena. Redioni kuna kipindi cha zilipendwa. Kwenye kumbi za harusi kuna saa ya zilipendwa, nayo aghalabu huwa ile saa ambayo wazee wanatafutiwa usafiri wa kurudi nyumbani. Muuza nyimbo wa mtaani naye atakuuliza kama unataka zilipendwa au unataka mpya, kama muuza mkate anayekuuliza wa jana au wa leo.

Hebu, ndugu msomaji, tulichambue neno hilo kama walimu wetu wa sarufi walivyotufundisha. "Zi" ni hizo nyimbo zenyewe. "Li" ni wakati uliopita. "Pend" ni mzizi. Ile "w" inatuonyesha kwamba jambo lilitendwa. Ukiviunganisha vipande vyote unapata habari ifuatayo: hapo zamani walikuwapo watu waliozipenda nyimbo hizi, na jambo hilo sasa limekwisha. Ni neno la matanga. Ni neno la kumsifu marehemu huku macho yakitazama saa.

Nami nauliza: nani aliacha kuzipenda? Aliacha lini? Alimwaga nani? Mimi sikuulizwa. Jirani zangu hawakuulizwa. Hakukuwa na mkutano wa kijiji wala kura ya maoni. Hatusemi kwamba Kusadikika cha Shaaban Robert ni kitabu kilichopendwa. Hatusemi kwamba pilau ni chakula kilicholiwa. Hata kanga ya bibi ikichakaa namna gani hatuiiti vazi lililovaliwa maadamu bado ipo begani. Ni muziki wa dansi peke yake tuliouandikia cheti cha kifo ungali unapumua, tena tukajiona tumeupa heshima.

Sitaki kubishana hewani. Mtu anayetetea jambo hana budi kuleta kielelezo, kama mahakamani. Kielelezo changu ni albamu moja tu, ya bendi niliyoipenda tangu nikiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Bendi hiyo ni Orchestra Super Matimila, chini ya Remmy Ongala, yule tuliyemwita Dokta. Albamu ilitoka Uingereza mwaka 1989 chini ya lebo ya Real World, ikapewa jina la Kiingereza: Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo kwa Ajili ya Mtu Maskini. Nasema bila kumung'unya maneno: nyumba ya watu wanaojua Kiswahili ambayo haijapata kusikiliza albamu hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho ni nyumba iliyopungukiwa, hata kama ina runinga ya ukuta mzima.

Kwa wale waliozaliwa baadaye, nieleze kwa ufupi. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Bendi hiyo ilipohamia Nairobi yeye akabaki, akaingia Orchestra Matimila, ambayo baadaye tukaizoea kwa jina la Super Matimila. Kila bendi ya Dar ilikuwa na mtindo wake, na mashabiki waliutetea kama timu ya mpira. Sikinde walikuwa na wao, Msondo na wao, Maquis na Kamanyola yao. Remmy alisema muziki wake ni Bongo Beat. Neno Bongo tulikuwa tunalitumia mitaani tukimaanisha kwamba katika jiji hili mtu haishi kwa nguvu wala kwa bahati, bali kwa ubongo. Vijana wa leo wanaoimba Bongo Fleva wanatumia neno hilo hilo. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na sisi tuliopaswa kuwaambia kwamba nyumba hiyo ilikuwa na watu kabla yao.

Nilikuwa kijana katika miaka ya maduka ya kaya. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na kitenge kikifika dukani habari zilitangulia kuliko lori. Redio ya nchi, huku bara, ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na betri zikiisha nguvu tulizianika juani ili zitusogeze mpaka mwisho wa kipindi cha muziki. Kiingilio cha dansi sikuwa nacho. Vijana wa hali yangu tulisimama nje ya ukumbi, kwenye ukuta wa matofali yenye matundu, tukapokea muziki uliotutosha. Hapo ndipo nilipojifunza kutofautisha gitaa la solo na lile la ridhimu, na nikaelewa kwamba besi si kelele ya chini bali ni mtu anayezungumza na mpiga tumba. Hakuna shule iliyonifundisha hayo. Ukuta ndio ulionifundisha.

Mama yangu hakupenda. Kwake yeye, kama kwa wazazi wengi wa wakati ule, mwanamuziki alikuwa mhuni kwanza na binadamu baadaye. Lakini harusi yoyote ya ukoo isingekamilika bila muziki, na mgeni wa serikali asingepokewa bila ngoma, na mtoto akilia usiku alibembelezwa kwa wimbo. Katika albamu ninayoitetea kuna wimbo unaoitwa Muziki Asili Yake Wapi. Swali hilo, hata kabla hujasikia gitaa la kwanza, linatosha kumfanya mtu mwenye dharau akae kitako. Ukiudharau muziki, ueleze basi asili yake. Kama hujui ulikotoka, umepata wapi mamlaka ya kuuita uhuni?

Sasa niiendee albamu yenyewe. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba nyimbo zake hazina haraka. Zimejengwa kama dansi letu lilivyojengwa siku zote: kwanza maneno, taratibu, habari ikielezwa mwanzo wake na kiini chake, magitaa yanatembea pembeni kama watu wanaomsindikiza msemaji. Halafu, habari ikishakolea, linaingia chemko. Mwendo unabadilika, magitaa yanakamatana, waimbaji wanajibizana, na miguu inafanya kile ambacho kichwa kimekwisha kukubali. Chemko ni malipo. Mtu amesikiliza shida ya mwenzake kwa dakika kadhaa, sasa anaruhusiwa kucheza. Na uchezaji wake ni mwingine kabisa, kwa sababu anajua anacheza juu ya nini.

Mwaka jana nilihudhuria harusi ya kijana wa dada yangu. Ilipofika ile saa yao ya zilipendwa, yule kijana wa mitambo akaweka wimbo wa Matimila, lakini alianzia kwenye chemko moja kwa moja, akaupiga dakika moja na nusu, akaukata, akaunganisha na mwingine wa bendi nyingine, naye akaufanyia vivyo hivyo. Nilimwendea pale mezani kwake. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona unatupa mchuzi bila ugali?" Akacheka kwa adabu, akajibu, "Mzee wangu, watu hawataki hadithi, wanataka kuruka." Sikumlaumu sana, maana anaishi kwa kuwaridhisha waliomlipa. Lakini nilirudi kitini nikiwa na hakika kwamba hapo ndipo kifo cha muziki huu kinapotengenezwa. Unaondoa maneno, unaacha mdundo, kisha unalalamika kwamba nyimbo za zamani zote zinafanana. Zisifanane vipi, na wewe umezikata vichwa zote?

Kwa hiyo naagiza, si kushauri: albamu hii isikilizwe nzima. Usiruke wimbo. Usianzie katikati. Maneno yasikilizwe kama barua iliyotoka nyumbani.

Najua yapo mabishano dhidi yangu, na mengine yanatoka kwa watu ninaowaheshimu. Niyajibu moja moja.

Wa kwanza anasema: hiyo ni albamu ya Wazungu. Ilirekodiwa Uingereza, ikauzwa kwa wageni, hata jina lake ni la kigeni. Nakubali kwamba ilitoka huko. Mwaka 1988 Super Matimila walialikwa kwenye ziara ya WOMAD, yale matamasha ambayo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na mwaka uliofuata lebo ya Real World, ambayo pia ni ya Gabriel, ikaitoa albamu hiyo. Lakini hebu tazama majina ya nyimbo zilizomo. Sauti ya Mnyonge. Nasikitika. Usingizi. Kipenda Roho. Chukua hilo la mwisho. Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba hiyo ni nusu ya methali, na nusu ya pili, ile ya kula nyama mbichi, anaimalizia mwenyewe kichwani kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mnunuzi wa London alipata magitaa mazuri, na hayo ni halali yake. Lakini nusu ya pili ya methali hakuipata, kwa sababu haikuandikwa popote. Ilikuwa imewekwa ndani yetu sisi. Albamu iliyosafiri maili elfu kadhaa huku ufunguo wake umebaki Manzese na Magomeni haiwezi kuwa ya Wazungu. Wao waliipangisha nyumba, lakini mwenye hati ni sisi.

Tena lipo jambo la sarufi hapa, na mimi sarufi hainitoki. Jina la Kiingereza linasema nyimbo hizi ni "kwa ajili ya" maskini. Wimbo wa Kiswahili uliomo ndani unasema ni sauti "ya" mnyonge. Tofauti ya "kwa ajili ya" na "ya" ni kubwa kuliko bahari iliyopo kati ya nchi hizi mbili. Anayezungumza kwa ajili ya maskini anaweza kuwa yeyote: mfadhili, mgombea, mhubiri, hata tajiri aliyeshiba. Lakini sauti ya mnyonge ni ya mnyonge mwenyewe. Hakuna aliyemwazima. Ndiyo maana nasema tuirudishe albamu hii nyumbani, maana kule nje waliielewa kwa kihusishi kisichokuwa chake.

Wa pili ananong'ona, kwa kuwa anaona haya kusema kwa sauti: Remmy alikuwa Mkongo. Hoja hii inanichosha, lakini nitaijibu. Kindu alikozaliwa ni mji wa watu wanaozungumza Kiswahili. Hakuja Dar es Salaam kujifunza lugha yetu kama mgeni anayesoma kamusi. Alikuja na Kiswahili chake, akakikutanisha na chetu, na kikatokea kile tulichokisikia: lugha ya mtaani iliyo wazi, isiyovaa tai, yenye lafudhi ambayo hakujaribu kuificha. Kiswahili hakijawahi kuuliza pasi ya kusafiria. Kingeuliza, kingebaki kwenye visiwa vichache vya pwani kikiwasimulia samaki. Zaidi ya hayo, muziki wa dansi wa Dar es Salaam umejengwa na mikono ya watu waliovuka ziwa. Ukiwaondoa hao, utabaki na ukumbi na viti.

Wa tatu ni fundi, rafiki yangu wa siku nyingi, mwenye masikio makali kuliko yangu. Yeye anasema Matimila wa kweli wapo katika kanda za Redio Tanzania, walizorekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, si katika studio ya kisasa ya huko ughaibuni ambako kila kitu kimepigwa pasi. Hoja hii ina uzito. Ndani ya zile rekodi za redio kuna joto, kuna jasho, kuna hewa ya chumba. Kama mtu ataniuliza kati ya hizo na hii kipi kianze, nitamwambia aanze na hii, na sababu yangu ni ya kialimu. Katika albamu hii kila gitaa lina mahali pake pa kusimama. Kijana aliyezoea muziki wa kompyuta, ambaye hajapata kusimama kwenye ukuta wenye matundu, ataweza kufuata gitaa moja mwanzo hadi mwisho, kisha arudie afuate la pili, na mara ya tatu afuate besi. Akishaijua njia kwa mchana, mpeleke kwenye zile kanda za redio usiku. Hatapotea.

Wa nne anasema Remmy alikuwa anahubiri mno, na kwamba watu huenda dansini kusahau shida, si kukumbushwa. Huyu namjibu kwa historia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Miaka ikaenda, ugonjwa ukashuka mpaka mitaani kwetu, na tukaanza kuzika watu wa rika letu huku tukisema wamekufa kwa malaria, kwa kifua, kwa kurogwa. Hakuna aliyetaka kulitaja jambo lenyewe. Ndipo Remmy akaimba Mambo kwa Soksi. Kila mtu alielewa soksi ni nini. Redio ya taifa haikuupiga wimbo huo, lakini nani hakuusikia? Ulipita kwa kanda za kunakili, kutoka mkono hadi mkono, kutoka daladala hadi baa, ukawafanya watu wacheke, na katika kucheka wakalitaja lile lisilotajika. Wimbo huo haumo katika albamu ninayoipendekeza. Nimeuleta kama shahidi wa tabia. Mtu wa namna hiyo alikuwa halazimishi watu wakumbuke shida. Alikuwa anakataa kuwaacha peke yao nazo. Wapo wanaokwenda dansini kusahau, nao wana haki. Lakini wapo pia waliokwenda ili wasikie kwamba wanayoyapata wao yamempata na mwingine, na kwamba yanaweza kuchezeka.

Wa tano ndiye mgumu kuliko wote, maana anatumia jina la Mungu. Anasema Remmy mwenyewe katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akaokoka, akaimba nyimbo za Injili. Basi sisi ni nani tuendelee kuzipiga zile alizoziacha? Namheshimu Remmy kwa uamuzi wake, na sitaki kumbishia mtu aliyekwisha kufika mbele ya Muumba wake. Lakini wimbo ukishatoka kinywani mwa mtunzi huwa kama mtoto aliyeoa: bado ni mwanao, ila ana nyumba yake. Sauti ya Mnyonge ilikwisha kuingia katika nyumba za watu wengi. Ilikwisha kukaa na wagonjwa, na waliofukuzwa kazi, na waliosubiri mshahara usiokuja. Kumtetea mnyonge kulikuwa kwema kabla mwimbaji hajaokoka, na kulibaki kwema baada ya hapo.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Tukiuita wimbo kama Sauti ya Mnyonge "zilipendwa", tunasema nini hasa? Tunasema mnyonge naye amepita. Tunasema alikuwapo enzi za foleni, na sasa hayupo. Haya, toka nje ya nyumba yako alfajiri. Mtazame mama anayewasha moto wa kupikia chai na maandazi kando ya barabara kabla jua halijatoka, sikio lake likiwa kwa askari wa jiji. Mtazame kijana wa bodaboda ambaye pikipiki si yake, anayepeleka hesabu kila jioni hata siku ambayo hakupata abiria. Mtazame mlinzi wa usiku anayelinda magari saba huku nyumbani kwake hakuna baiskeli. Neno "mnyonge" limepandishwa majukwaani mara nyingi tangu wimbo ule utoke. Limepigiwa makofi, limechapishwa kwenye fulana. Mnyonge mwenyewe hajapandishwa. Wimbo huo utakuwa wa zamani siku ile mtu wa namna hiyo atakapokuwa wa zamani. Mpaka hapo, ni habari ya leo asubuhi.

Pale Sinza, jijini Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Aliishi maeneo hayo. Kila siku makondakta wanalipaza jina hilo, na abiria wanajibu "shusha". Ni heshima ambayo hakuna kamati iliyoitoa; mtaa wenyewe ndio ulioitoa, na mimi naithamini kuliko nishani. Lakini waulize vijana wanaoshuka hapo Remmy alikuwa nani. Mmoja atakwambia alikuwa mwenye duka. Mwingine atakwambia ni jina tu. Tumefanikiwa kuihifadhi ishara ya njia, tukaipoteza sauti. Mtu anaweza kushuka Kwa Remmy miaka ishirini bila kumsikia Remmy hata siku moja. Kama hilo si jambo la kutuaibisha, basi sijui aibu ni nini.

Tunayo desturi nyingine, nayo nitaisema hata kama nitachukiwa. Mwanamuziki wetu akiwa hai tunanakili kazi yake bure. Akiugua tunapitisha bahasha. Akifa tunajaa msibani, viongozi wanatoa ubani, redio zinampiga kutwa nzima, na kila mtu anasema alikuwa hazina ya taifa. Nimechangia sanda za wapiga magitaa kadhaa katika maisha yangu, watu ambao vidole vyao vilituchezesha nchi nzima na ambao watoto wao walirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Kila mara nilijiuliza swali lile lile: fedha hizi zilikuwa wapi alipokuwa anazidai? Rambirambi si malipo. Ni deni lililocheleweshwa mpaka mdai akanyamaza.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo chini yake COSOTA iliundwa, iliweka kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Remmy Ongala alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Piga hesabu mwenyewe. Kwa kipimo hicho, kile alichokitunga kina mwenyewe mpaka mwaka 2060. Wabunge wetu, ambao sidhani kama walikuwa wanafikiria dansi walipokuwa wakipiga kura, walielewa jambo ambalo watangazaji wetu hawajalielewa: kwamba wimbo haumaliziki siku ulipoacha kuwa mpya. Kitu ambacho sheria inakilinda kama mali iliyo hai, sisi tunakitaja kama hayati. Na mali ya hayati, tunajua wote, kila mtu hujichukulia.

Basi neno hili "zilipendwa" si suala la masikio ya mzee anayelalamika. Neno hili lina kazi. Linatupunguzia wajibu. Wimbo ukiitwa wa zamani, hakuna anayeona haja ya kuulipia, wala kuuhifadhi, wala kuufundisha. Kanda zikiliwa na ukungu, tunasema ndiyo uzee. Mtunzi akidai chake, tunamshangaa kama mtu anayedai kodi ya nyumba iliyobomolewa.

Nimekwisha kutoa kielelezo, nimewajibu wapinzani, sasa natoa madai yangu, na ni machache.

Kwanza, itafute Songs for the Poor Man. Ipate kwa njia ya halali, uilipie, usiombe rafiki akunakilie. Bei yake haifiki ya chakula unachokula ukiwa safarini. Ukishaipata, chagua jioni moja ambayo umeme upo na wageni hawapo. Waite walio chini ya miaka ishirini. Usiwahutubie juu ya enzi zetu. Hakuna kitu kinachomchosha kijana kama enzi zetu. Iweke tu, iende mwanzo hadi mwisho. Wakiinuka kucheza kwenye chemko, waache. Wakiuliza maana ya neno, wajibu. Halafu waulize wao: huyu anayezungumza hapa, mnamjua? Mmemwona wapi? Nina hakika watakutajia mtu wa mtaani kwenu, na pengine watakutajia mtu aliyemo humo humo ndani.

Pili, wewe uliye redioni na wewe uliye kwenye mitambo ya harusi: piga wimbo mzima, taja mtunzi, taja bendi. Jambo hilo halikugharimu hata shilingi moja.

Tatu, na hili ni kwetu sote tunaotumia lugha hii. Badilisheni herufi mbili. Toeni "li", wekeni "na" pamoja na kirejeshi chake, mseme nyimbo zinazopendwa. Na kama kuna mtu kweli ameacha kuzipenda, ajitokeze aseme kwa jina lake mwenyewe, wakati uliopo, nafsi ya kwanza umoja. Asitusemee sisi wengine.